Ukoko wa Mlima wa Chumvi

Jumatatu, 6 Mei 1991

Nimetoka Jomvu Kuu alfajiri, kwa miguu mpaka Changamwe kama kawaida. Vibarua wangu wote wamefika. Wanawake kwenye kushona magunia, wanaume kwenye kuchimba. Kinu cha kusagia kimewashwa kwa wakati.

Mlima umekua tena. Malori kutoka mashamba ya chumvi ya Malindi yamemwaga Jumamosi nzima, tingatinga likasukuma juu, likasukuma, likafa. Nimeupima kwa kivuli cha kijiti. Futi arobaini na tatu. Nyumba ya ghorofa tatu ingezama humo na antena yake. Mweupe mpaka macho yanauma. Huu mwaka wa kumi na mbili nauona kila siku na sijauzoea.

Tingatinga likiwa limekufa, tunachimba kwa mikono, tena kutoka chini. Ni makosa. Chumvi huchimbwa kutoka juu, ngazi kwa ngazi. Nimemwambia Bwana Zacharia, msimamizi mpya. Amenisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema malori ya Uganda yamepanga foleni, na kupandisha watu juu ni kupoteza nusu ya siku.

Kazi aliyopewa ndiyo niliyokuwa nikiifanya bila jina. Yeye ana cheti. Mimi nina vidole vilivyoliwa na chumvi. Nimeudhika na sina haja ya kuficha humu.

Jumanne, 7 Mei 1991

Mvua kubwa. Kinu kimezimwa. Tumekaa chini ya mabati ya ghala kuutazama mlima ukinyeshewa.

Mtu mgeni angedhani utayeyuka wote. Hauyeyuki. Mvua hulowesha ngozi tu. Jua likitoka, ngozi hiyo hukauka ikawa ngumu kama ukoko wa wali, na ndivyo tunavyoiita, ukoko. Chini ya ukoko chumvi ni kavu, inatiririka kama mchanga. Hapo ndipo penye hila. Chumvi kavu ikiachwa hujilaza yenyewe: futi tatu kwenda ndani, mbili kupanda. Haidanganyi. Lakini ukoko ukishika, unaweza kuchimba chini ukatoa mguu mzima wa mlima na ukuta ukabaki umesimama wima, umenyooka, unakutazama. Kinachousimamisha ni gamba lenye unene wa kiganja.

Ukuta wetu sasa ni futi kumi na mbili.

Alhamisi, 9 Mei 1991

Jua kali jana na leo. Ukoko umeshika. Ukiugonga kwa sururu unalia kama sahani.

Barasa ndiye anayechimba mguuni kabisa. Mtu wa Bungoma, mabega mapana, watoto wanne. Hachoki. Leo ameniiga nikisema “ndia” badala ya njia, wote wakacheka. Nikamwambia hiki ndicho Kiswahili, hicho chake kimekuja na treni. Akasema, “Sawa mama, lakini treni ilifika.” Wakacheka zaidi. Na mimi nimecheka, nikijificha.

Bakari mlinzi alikuwa baharia ujanani. Kila mvua ikinyesha hutukumbusha. Leo kasema aliwahi kutia nanga katika nchi ya baridi, bandari iliyo chini ya milima, milima imeingia hadi baharini, na juu yake theluji. Wenyeji hawakuiogopa theluji ikinyesha. Waliiogopa siku ya tatu, jua limetoka, kila kitu kizuri, watoto nje. Siku hiyo ndipo iliposhuka. Anasema ilipitia msituni na miti ikalala kama nywele zilizochanwa, ikaingia baharini, na bahari ikarudi nyuma. Saumu, anayeshona karibu nami, akamuuliza kama na yeye Bakari alirudi nyuma. Akajibu kuwa yeye alikuwa jikoni akimenya viazi, na hakumenya tena siku ile.

Saumu haamini hata neno moja. Mimi naamini yote. Gamba gumu juu ya kitu kisichoshikana, mguu umekatwa. Ni mlima wetu huo.

Ijumaa, 10 Mei 1991

Nusu siku. Baada ya sala nimerudi uwanjani, nikapanda mlima kwa upande wa nyuma. Karibu na kilele kuna ufa. Mwembamba, unapita kilima chote kutoka upande hata upande. Unywele hauingii, lakini upo.

Jumatatu, 13 Mei 1991

Mvua Jumamosi na Jumapili. Leo jua.

Nimepanda tena kuuona ule ufa. Nilipofika katikati ya mteremko, mlima ukasema. Sina neno jingine. Haikuwa kishindo. Ilikuwa pumzi, “wuh”, kama mtu mnene anayekaa kwenye godoro, lakini ilitoka chini yangu na kulia kwangu na kushoto kwangu kwa pamoja, uwanja mzima. Na ukoko niliosimama juu yake ukashuka. Kidogo sana, labda upana wa kidole. Kilima chote kimeshuka upana wa kidole na mimi nikiwa juu, na hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Nilikaa. Chumvi ilikuwa inameta kila upande, kimya. Nilihisi kama mtu aliyeingia chumbani kwa mkubwa bila kubisha hodi. Nikateremka kwa makalio, taratibu, kwa njia ileile niliyopandia.

Ufa sasa unaingia mkono.

Jumanne, 14 Mei 1991

Asubuhi nimemshika Bwana Zacharia kabla hajafungua ofisi. Sikubishana. Nimempandisha. Alikuja na viatu vyake vya ngozi na tai. Nikamwonyesha ufa, nikamwambia atie mkono. Akautia mpaka kwenye kiwiko. Akautoa polepole. Kisha akasema hajawahi kuona kitu kama hiki, na akaniomba radhi ya wiki iliyopita. Sikuitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi na ugomvi ukakosa mtu.

Tumeteremka tukapatana. Tingatinga linatoka gereji Alhamisi. Malori mawili ya Uganda lazima yajae kesho, wenye kiwanda wamekwisha ahidi. Tukikataa wataleta kundi jingine, lile la Miritini, na wale watachimba popote watakapoambiwa. Basi kesho siku moja, watu watatu tu mguuni, wengine mbali. Alhamisi tunaanza juu.

Nimekubali. Siku moja.

Nimepiga hesabu chumvi ikishuka itafika wapi. Ukubwa wa gamba, urefu wa mlima, ule mteremko wake wa kulala. Inafika kwenye mizani ya zamani, haipiti. Nimepanga mawe hapo. Ng’ambo ya mawe ni salama.

Jumatano, 15 Mei 1991

Mlima umeshuka. Sitaandika leo. Kesho.

Alhamisi, 16 Mei 1991

Niandike kwa mpangilio.

Ilikuwa baada ya chai ya saa nne. Lori la pili limekaribia kujaa. Mguuni walikuwa Barasa na wenzake wawili. Mimi kwenye mawe yangu, nikiangalia juu. Sikuwa naangalia kitu kingine tangu asubuhi.

Kwanza sauti ile, “wuh”. Safari hii waliisikia wote. Saumu aliinua kichwa na sindano mkononi. Kisha ule ufa wa juu ukafunguka, nikauona ukikimbia kutoka kushoto kwenda kulia kama kanga inayochanwa, na ndani yake mna kivuli cha buluu. Wallahi buluu. Ndani ya chumvi. Nitakufa nikiikumbuka rangi ile.

Kwa muda mdogo gamba lote liliteleza likiwa zima. Uso mzima wa mlima, umenyooka, hauna haraka, kama mkeka unaovutwa. Ulikuwa mzuri. Naona haya kuandika hivyo lakini ulikuwa mzuri, na nilisimama nikiutazama wakati ningepaswa kupiga kelele. Kisha ukavunjika. Vipande kama milango. Nyuma ya milango chumvi kavu ikatoka, na hiyo haikuteleza, ilimiminika.

Wale wawili walikuwa wameshakimbia. Barasa alitoka wa mwisho, lakini alikuwa ametoka. Anakuja kwangu. Hapo ndipo sauti iliponijia, nikamwita kwa nguvu zangu zote. Akanitazama usoni. Akasimama. Akageuka, akarudi kulekule. Niliuona mgongo wake ukiinama.

Kisha nyeupe. Hakukuwa na Barasa, hakukuwa na kinu, hakukuwa na jua. Upepo ulinisukuma kabla ya chumvi. Chumvi ikaja ikapita mawe yangu kama hayapo, ikanifika kiunoni, ikanibeba, ikaniweka chini karibu na ngazi za ofisi, nimesimama wima kama kigingi. Hesabu yangu ilikosea zaidi ya nusu. Kitu kilichochimbwa kwa beleshi kilikuja kama maji na kilipotua kikawa saruji. Nilishindwa kuchomoa hata mguu mmoja.

Halafu kimya. Vumbi jeupe likishuka juu ya kila kitu, juu ya malori, juu ya nywele za watu. Kila mtu mzee ghafla.

Wa kwanza kuchimba alipofukiwa Barasa alikuwa Zacharia. Hakungoja beleshi. Kwa vidole, na chumvi ikiingia kwenye michubuko, na hakusema ah. Watu wakaja wote, wawili wakanichomoa, wengine wakawa wanaita jina, kila mtu lake la kusema. Bakari akawanyamazisha. Alilala kifudifudi, sikio kwenye chumvi, kofia yake ya ulinzi imeanguka huko. Akasema kule kwenye theluji walifanya hivi. Tukanyamaza. Saumu, yule asiyeamini, alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Tukasikia. Sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi. Haina maneno. Mbali, lakini ipo.

Tulimtoa amekunjamana, magoti kifuani, na uso wake wote umo ndani ya ndoo yake ya plastiki, ameikumbatia. Ndani ya ndoo hapakuwa na chumvi ila kidogo. Palikuwa na hewa. Nafasi ya pumzi ya mtu mmoja, basi. Mlima mzima juu yake na kilichomtenga na kifo ni ndoo iliyowahi kuwa ya rangi ya nyumba.

Mguu umevunjika. Macho yameungua. Yu hai. Lori la Uganda ndilo lililompeleka hospitali, na chumvi yake juu.

Ijumaa, 17 Mei 1991

Sikujua kwa nini alirudi. Leo nimejua.

Uwanjani watu wamegawanyika. Nilipofika asubuhi walinyamaza. Nikamuuliza Saumu kuna nini. Akazunguka, akazunguka, mwisho akasema wale wa bara wananung’unika kuwa nilimwambia Barasa arudi akachukue ndoo. Nikamwambia ni uongo. Akasema, “Bi Mwanaisha, ulisema ndoo. Hata mimi nilikusikia. Ila mimi nilijua unamaanisha nini.”

Nikakaa juu ya magunia.

Uwanjani mimi husema “njoo” kama watu wote. Nimejizoeza, kwa kuwa wengi si wa kwetu. Lakini kwetu Jomvu, kwa mama yangu, kwa kila aliyenilea, njoo ni “ndoo”. Ndoo hapa mwanangu. Ndoo ule. Hofu iliponishika, kilichotoka ni cha nyumbani. Nilimwita aje. Yeye akasikia chombo. Na kila mchimbaji ana ndoo yake, kaandika jina, na asiye na ndoo hapangiwi kazi. Angefikiri nini jingine? Bosi wake anapiga kelele ndoo. Akarudi kuchukua ndoo.

Mmoja wao amesema nisikie: “Huyu mama anapenda ndoo kuliko mtu.”

Miaka kumi na miwili. Nimewatibu vidonda, nimewatetea getini, nimewaombea kazi ndugu zao. Na hilo ndilo neno. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia, kisha nikaosha uso nikarudi kuhesabu magunia.

Jumapili, 19 Mei 1991

Hospitali. Barasa amefungwa bandeji machoni, mguu umening’inizwa. Alinijua kwa hatua. Akasema shikamoo, nikaitika marahaba, nikakaa. Nimemletea maandazi, akayanusa kwanza.

Akauliza, “Mama, ulijuaje?”

Nikauliza kujua nini.

“Kwamba ndoo ndiyo itaniokoa. Nilikuwa natoroka, ukasema ndoo. Nikawaza, huyu hapigi kelele ovyo, ana sababu yake. Nikarudi. Ukuta uliponifikia nikaingiza uso. Nimewaambia wauguzi wote, bosi wangu anaujua ule mlima.”

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angenipinga, kwa kuwa aliyefukiwa ndiye anayesema. Ningerudi uwanjani na habari hiyo na wanung’unikaji wote wangefunga midomo. Nilikaa nikaiangalia bandeji yake. Ilikuwa nyeupe kuliko chumvi.

Nikamwambia, “Barasa, nilikuwa nakwita. Kwetu ndoo ni njoo.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa. Nikamwambia tena, nikamweleza taratibu kama mtu anayefundisha, ndia ni njia, nti ni nchi, ndoo ni njoo, nilitaka uje kwangu, nilikuwa na hofu. Nikasema nisamehe.

Kifua chake kikaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika mbavu, anaumia na anacheka. “Basi hicho Kiswahili chenu kimeniponza,” alisema, “halafu kikaniponya.”

Alipotulia akauliza jambo ambalo nimelikimbia tangu Jumatano. Kama angekuja kwangu, ingekuwaje.

Nikamwambia nimepiga hesabu hiyo mara nyingi na haitoki. Alikuwa na mwendo fulani, chumvi ilikuwa na mwendo wake. Nikichukua hivi, anafika kwangu na anazama kiunoni kama mimi. Nikichukua hivi, vile vipande vya ukoko, vile vikubwa kama milango, vinamkuta njiani amesimama wima. Siku nne hizi ninaigeuza. Sijawahi kushindwa na hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Akasema, “Iache, mama.” Akaomba andazi jingine.

Jumanne, 21 Mei 1991

Nimewaambia wote leo, kabla kinu hakijawashwa. Neno kwa neno, niliita nini na nilimaanisha nini. Yule aliyenisema alitazama viatu vyake. Wengine wawili wakauliza kwa nini sikuwaambia mapema jinsi tunavyosema kwetu. Nilidhani lugha yangu inajulikana kwa kuwa ndiyo ya hapa.

Zacharia ameitwa kwa wenye kiwanda. Aliandika kwamba uamuzi wa siku ile moja ulikuwa wake peke yake. Si kweli. Ulikuwa wetu wawili. Nimekwenda kuwaambia hivyo, nikaachwa nimekaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kisha wakasema nirudi kazini. Cheo bado ni chake. Bado naona kilikuwa changu. Lakini sasa nikimwita Bwana Zacharia, neno hilo halinikwami kooni.

Jumatatu, 3 Juni 1991

Barasa ametoka hospitali. Jicho moja linaona sawasawa, la pili lina ukungu. Mguu bado umo kwenye plasta. Amekaa na wanawake anajifunza kushona magunia. Saumu anasema mishono yake ni ya mtu anayefunga mbuzi.

Tunachimba kutoka juu siku hizi. Ngazi pana, kila moja futi nne. Tunatoa kidogo kuliko zamani, na kundi la Miritini limepewa sehemu ya kazi yetu. Sikubishana.

Malori yamemwaga tena na mlima umerudi. Ukiutazama leo hungejua.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi tulipanda, watu tisa, mimi mbele na fimbo ya kugongea ukoko. Kutoka juu unaona mkono wa bahari, mikoko, matangi ya mafuta. Tulikuwa tumeanza tu. Ndipo mmoja akasimamisha beleshi lake na kuinua kidole.

Maji ya usiku yalikuwa yamepenya pale tulipokata ngazi, yakitembea ndani ya mlima. Chini yetu, mbali sana, mlio mwembamba, yakitafuta njia ya kurudi ilikotoka chumvi. Sikuwa nimewaambia wasimame. Tulisimama wote tisa, vichwa vimeinama, kama watu waliopisha maiti ipite, ila hapakuwa na maiti.

Ilichukua muda. Sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha. Nikagonga ukoko kwa fimbo, nikasikiliza, nikagonga tena. Wakanitazama. Nikatikisa kichwa: bado.

Tukateremka kwa njia ya nyuma, mmoja mmoja, tukakaa kivulini kungoja mlima utulie.